Vilima vya Ngong visipimwe kwa kimo
Kuupima ugumu wa kupanda vilima vya Ngong, Kenya, kwa kimo cha kilele kirefu zaidi, Lamwia, mita 2,460, kisha kuulinganisha na Kilimanjaro yenye mita 5,895, kunapotosha. Vilele ni saba: kila unapoteremka unapoteza kimo ulichokwisha kukipata, na magoti ndiyo yanayoumia. Upepo nao ni mkali, ndiyo maana kampuni ya umeme ya KenGen imesimika mitambo ya umeme wa upepo pale. Wapo watakaosema wengi huvuka kwa siku moja. Kweli, lakini Kilimanjaro hugawanywa kwa siku kadhaa, na kwa anayeishiwa nguvu katikati ya Ngong, kurudi ni mbali sawa na kumaliza. Sisi wa Mkolani, Mwanza, tuliozoea miinuko mifupi ya mawe tusijidanganye: tuanze alfajiri, na maji ya kutosha.