Fedha za Majaribio Zije Kabla ya Kupanda

Huko magharibi ya Kenya wakulima wadogo waliacha kuchoma mabua, wakatia samadi, wakapanda miti kati ya mahindi. Kaboni ambayo ingepanda hewani ikabaki ardhini, ikahesabiwa mwaka 2014, na Benki ya Dunia ikawa mnunuzi. Jambo jema sana. Lakini malipo ya namna hiyo hufuata hesabu, na udongo hauna haraka.

Mimi ni karani. Fomu hupita mikononi mwangu. Mkulima mmoja alitaka kujaribu kufunika nusu eka kwa mabua. Nikamwuliza mbona hajaanza. Akajibu, "Bwana Karani, na ng'ombe wangu watakula nini?" Katika fomu yangu hapakuwa na mahali pa kuandika neno hilo.

Kwa maoni yangu, chama cha wakulima kipewe fedha kidogo kabla ya mvua, zinunue hata miche ya nepia ya ng'ombe huyo, na mkulima achague mwenyewe la kujaribu. Likishindwa, asidaiwe. Bwana Shamba jaribio lake likiharibika hulipwa mshahara. Nami pia hulipwa, mvua inyeshe isinyeshe.