Santuri za Zamani Zisafishwe, Zisiharibiwe

Ukipanda matatu kutoka Embu kuja Meru, usishangae kusikia wimbo wa miaka ya 60 umetiwa ngoma za kompyuta, ati ndiyo stirio! Santuri nyingi za wakati huo zilirekodiwa kwa mono: gitaa, ngoma na mwimbaji, wote mkondo mmoja. Kuondoa mikwaruzo ni sawa kabisa. Lakini kuongeza vyombo ni kumsemea marehemu. Anayetaka mpya na aimbe upya. Mwaka wa 1968 The Tremeloes wa Uingereza waliimba "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, na ile ya Kabaka ikabaki vilevile. Kabaka alifariki 2001, hawezi kujitetea. Basi tumtetee sisi wajukuu. Mwacha asili ni mtumwa.