JICHO LA ANGANI NA MAJI YA MSIMBAZI

Mwezi Desemba 2011 ilinyesha Dar es Salaam mvua ambayo mfano wake haukuwa umeonekana tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na Jangwani, hatua chache kutoka Kariakoo, pakawa ziwa. Wakati huohuo setilaiti za Meteosat, ambazo ya kwanza yake ilirushwa mwaka 1977, zilikuwa zikilipiga picha bara letu kila dakika 15 kutoka kilomita 36,000 juu.

Hatusemi hayo kwa kukibeza chombo hicho. Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao mwezi Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Ndugu zetu wa Mafia na Unguja wanajua thamani ya onyo lile.

Lakini kimbunga ni kitu kikubwa, huonekana tangu kikiwa mbali baharini. Mvua ya kawaida ni jambo jingine. Setilaiti hupima baridi ya kilele cha wingu, na kutokana na baridi hiyo wataalamu hukisia mvua. Yako mawingu membamba ya juu, yenye baridi kali, yasiyodondosha hata tone. Na hapa pwani yako mawingu mafupi, ya vuguvugu, yatokayo baharini, ambayo humwaga maji mengi huku picha ikiyahesabu kuwa si kitu. Setilaiti ya Marekani na Japani iliyorushwa mwaka 1997 ilikuwa na rada ya kupima mvua yenyewe. Hata hivyo, ilipita juu yetu na kwenda zake.

Kwa hiyo hatuna budi kuwauliza wahusika: vipimamvua viko vingapi katika vilima vya Pugu na Kisarawe, unakoanzia mto Msimbazi? Siku hizi vipo vinavyojisomea na kupeleka hesabu kwa simu, na gharama yake, ukilinganisha na setilaiti, ni ndogo mno. Viazi na vitunguu vya bara huingia Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro, na sehemu yake huvushwa hadi visiwani. Barabara hiyo ikifungwa pale Jangwani, anayeumia ni mchukuzi wa Kariakoo na mama wa Darajani pia. Hesabu ya mvua iliyokwisha kunyesha Pugu itangazwe sokoni saa ileile, kabla maji hayajateremka.