Anayepaswa kutoka kitandani si mama

Katika vyumba vya kupanga vya Katwe, wilayani Kasese, Uganda, karibu na ziwa la chumvi, kitanda huwa kimoja na chandarua kimoja. Pazia hukigawa chumba: huku masufuria na madumu ya maji, kule godoro. Mtoto aliyezaliwa wiki hii atalala wapi? Katwe hakuna anayeuliza. Atalala na mama yake, titi likiwa karibu, wote chini ya chandarua kilekile.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema vingine. Mwongozo wake wa 2022 unataka mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya kwanza, ila kwenye kitanda chake, chenye godoro gumu na kisicho na mito wala blanketi. Madaktari hao wana sababu: Marekani hupoteza watoto wachanga wapatao 3,400 kila mwaka kwa vifo vya ghafla usingizini. Lakini ushauri huo ukifika Kasese kwa simu, umeshapunguzwa ukabaki amri moja, usilale na mtoto. Mama hawezi kuitii, maana hicho kitanda cha pili hana. Atakachofanya ni kunyamaza. Atamficha muuguzi jinsi anavyolala, na yale ambayo angeelekezwa kuhusu kulala salama hatayapata.

Isitoshe, usiku ndio muda wa kunyonyesha. Wanawake wanaofanya kazi kwenye vidimbwi vya chumvi hawawezi kumshusha mtoto mchanga kwenye maji yale makali chini ya jua, hivyo wengi humwachia bibi au dada mkubwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inatoa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mwajiriwa. Anayejichotea chumvi mwenyewe hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo, na anayechuuza sokoni Mpondwe naye ni hivyohivyo. Mtoto aliyekaa mchana kutwa bila mama hufidia usiku: hunyonya, husinzia, huamka, hunyonya tena. Homoni inayotengeneza maziwa nayo hupanda zaidi usiku. Ukimhamishia mtoto mbali, mama aliyechoka hataamka mara nne, na maziwa yatapungua. Tathmini ya tafiti nyingi iliyotolewa 2017 ilionyesha kwamba kunyonyesha kwa angalau miezi 2 hupunguza karibu nusu ya hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto. Kwa hiyo kumtoa mtoto kitandani kwa ajili ya usalama kunaweza kumnyima kinga nyingine.

Hofu ya kumlalia mtoto si upuuzi. Kisa cha wanawake wawili mbele ya Mfalme Sulemani, kinachosomwa makanisani kote Kasese, kinaanza na mama aliyemlalia mwanawe usiku. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Robert Carpenter wa London walisema mtoto wa chini ya miezi 3 anayelala na wazazi yuko kwenye hatari mara 5 zaidi, hata kama wazazi hawavuti sigara. Mwaka uliofuata Peter Blair na wenzake wa Bristol walichambua takwimu za Uingereza na kukuta kwamba ukiondoa pombe, sigara na kulala kwenye sofa, hatari hiyo haionekani wazi. Pande zote mbili, hata hivyo, zinakubaliana kuhusu pombe na sigara. Hapo ndipo kliniki zetu zinapaswa kuweka nguvu.

Pombe kwanza. Uganda ilipiga marufuku waragi wa pakiti ndogo mwaka 2019, lakini chupa zipo na pombe za kienyeji zipo. Mtu aliyelewa hahisi mkono wake umeangukia wapi. Baba akirudi amelewa, alale mkekani upande wa pili wa pazia, na mama akinywa hali ni ileile: usiku huo mtoto alale pembeni, chini ya chandarua lakini si ubavuni mwake. Mvuta sigara naye asilale na mtoto, hata kama sigara ameizimia nje.

Halafu kitanda chenyewe. Godoro la sponji lililobonyea katikati humviringisha mtoto hadi chini ya kifua cha mama. Akina mama wengi humlaza mtoto upande wa ukutani asianguke, kumbe pale kati ya godoro na ukuta kuna upenyo unaotosha kunasa kichwa cha mtoto wa mwezi mmoja. Kitanda kisukumwe kiguse ukuta kabisa, au godoro lishushwe sakafuni mbali na ukuta. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, na mtoto asikiguse, kwa sababu mbu huuma hata kupitia matundu yake. Mama alale ubavu, magoti ameyakunja chini ya miguu ya mtoto, mkono ukiwa godoroni, juu ya usawa wa kichwa chake. Wengi hulala hivyo bila kufundishwa. Akimaliza kunyonya, mtoto alazwe chali. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, na vifo vya ghafla vikapungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache.

Mahali napo pana mambo yake. Katwe ni joto, blanketi zito halihitajiki. Kilembe na vilima vya Bwera ni baridi, na huko kishawishi ni kumfunika mtoto hadi kichwani na kuacha sigiri ya makaa ndani usiku. Gesi ya makaa isiyoonekana huua familia nzima, achilia mbali mtoto.

Mtoto njiti ana sheria zake. Ubavuni kitandani si mahali pake, lakini kifuani mwa mama aliye macho, ngozi kwa ngozi, ni mahali pake hasa. Jaribio kubwa lililofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa 2021 lilionyesha kwamba kuanza kumbeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo.

Utafiti wa afya wa Uganda wa 2022 ulihesabu vifo 22 vya watoto wa chini ya mwezi mmoja kwa kila vizazi hai 1,000. Wengi wao huondoka kwa kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au maambukizi. Kitanda si chanzo kikuu, lakini kukikagua hakuhitaji mpango mpya: wahudumu wa afya wa vijiji, wale wa VHT, tayari hutembelea nyumba. Wapewe dakika kumi zaidi katika ziara ya wiki ya kwanza: waombe kuona kitanda, wapime upenyo wa ukutani kwa kiganja, waulize nani analala hapo na nani hunywa. Baba naye awepo, asikie habari ya mkeka kutoka kwa mhudumu, maana mke wake akimwambia peke yake usiku wa manane huenda asisikie.