Katiba mpya na kifungu ambacho wabunge hawataki kukitaja

Tangu Rais Félix Tshisekedi aseme mjini Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, kwamba nchi inahitaji katiba nyingine, watu wanabishana juu ya jambo moja tu: muhula. Anataka kubaki au hataki? Kwenye meza za bia za Bunia, kwenye parkingi za pikipiki, kwenye redio, ni kifungu cha 220 asubuhi na kifungu cha 220 mchana, kwa sababu ndicho kinachokataza kugusa hesabu ya mihula ya rais. Lakini kifungu hicho kina sehemu ya pili, na hiyo haina wasomaji. Inasema ni marufuku kabisa kurekebisha katiba kwa namna inayopunguza haki na uhuru wa mtu.

Sehemu hiyo haikuwekwa pale kwa mapambo. Pamoja na mambo mengine, inalinda haki ambayo wanasiasa wanaikwepa kama shimo la barabarani: haki ya mwanamke aliyebakwa, au aliyepewa mimba na ndugu wa damu, au ambaye mimba inataka kumuua, kutolewa mimba hiyo hospitalini bila yeye wala munganga kufungwa. Katiba ikirekebishwa, ukuta huo upo. Katiba ikiandikwa upya kuanzia ukurasa wa kwanza, ukuta wenyewe unabaki katika kitabu cha zamani.

Ieleweke kwanza haki hiyo imekaa wapi, maana hata katika vituo vya afya si wote wanaojua. Sheria ya adhabu ya Kongo ni ya tarehe 30 Januari 1940. Kifungu chake cha 165 kinampa anayemtoa mwanamke mimba miaka 5 hadi 15 ya kifungo. Cha 166 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 5 hadi 10. Havisemi neno juu ya kubakwa. Havisemi neno juu ya mtoto wa miaka 13. Na vyote viwili viko pale pale mpaka leo, havijafutwa.

Kilichokuja juu yao ni Mkataba wa Maputo wa Umoja wa Afrika juu ya haki za wanawake, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2008. Kifungu chake cha 14 kinazitaka serikali ziruhusu kutoa mimba kwa njia ya kiganga pale mwanamke aliposhambuliwa kingono, alipobakwa, alipopata mimba na jamaa wa damu, au pale mimba inapohatarisha afya ya mwili au ya akili ya mama, au uhai wa mama au wa mimba yenyewe. Katiba, kifungu cha 215, inasema mkataba wa kimataifa unaipita sheria ya nchi, lakini tangu siku ulipotangazwa. Na huo ulitangazwa lini katika Journal Officiel, gazeti rasmi la serikali? Machi 2018.

Miaka kumi. Karatasi ililala Kinshasa miaka kumi. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2010, Margot Wallström wa Umoja wa Mataifa aliiita Kongo mji mkuu wa ubakaji duniani, na maneno yake yalizunguka dunia nzima. Wakubwa walikasirika, walijitetea, walipanda ndege kwenda kwenye mikutano. Kupeleka karatasi kwa mpiga chapa hawakupata nafasi.

Baada ya kutangazwa, mwezi Aprili 2018 Baraza kuu la mahakimu lilituma waraka kuwaambia mahakimu wafuate kifungu cha 14. Mwaka 2020 wizara ya afya ikatoa kanuni zake za namna huduma hiyo inavyotolewa. Hayo yalikuwa mazuri. Lakini waraka si sheria, na barua hufutwa kwa barua. Bunge halijagusa 165 wala 166. Kwa hiyo haki yote inaning'inia kwenye msumari mmoja, kifungu cha 215. Atakayeandika katiba mpya akiulegeza msumari huo, au akiongeza katika kifungu cha haki ya kuishi maneno machache kwamba uhai unaanza mimba inapotungwa bila kuweka pembeni yake ruhusa yoyote, sheria ya 1940 inaamka mara moja, kama mtego uliosahauliwa shambani. Hakuna atakayepiga kura juu ya kutoa mimba. Watu watapiga kura juu ya rais, juu ya majimbo, juu ya uraia, na asubuhi yake parke atakuwa na kazi mpya.

Wanaosema jambo hili haliwezekani waangalie Marekani. Kule haki ilisimama tangu mwaka 1973 juu ya hukumu ya Mahakama Kuu, na bunge la nchi halikuwahi kuiandika kuwa sheria. Watu walizoea. Tarehe 24 Juni 2022 mahakama ile ile ikaifuta. Katika jimbo la Arizona sheria ya mwaka 1864, iliyoandikwa kabla Arizona haijawa jimbo, ilitoka kaburini: mwezi Aprili 2024 mahakama kuu ya jimbo ilisema inaweza kutumika, na wabunge wakakimbia kuifuta wiki chache baadaye. Sheria ya 1864 kule, sheria ya 1940 hapa. Ile iliyoachwa bila kufutwa inangoja siku yake.

Na wapiga kura walifanya nini? Hapa ndipo wanasiasa wa Kongo wangefungua masikio. Kansas ni jimbo la wakulima na la makanisa, lililompigia Donald Trump mwaka 2020. Tarehe 2 Agosti 2022 watu wake waliulizwa waziwazi kama wanataka kuondoa haki hiyo katika katiba ya jimbo lao. Karibu asilimia 59 walisema hapana. Arizona, Novemba 2024, walimchagua Trump, na siku hiyo hiyo wakaiweka haki hiyo katika katiba ya jimbo. Mtu mmoja, siku moja, kura mbili: moja kwa chama, nyingine kwa binti yake. Si kila mahali waliposhinda. Florida walipata asilimia 57 na wakashindwa, kwa kuwa pale inatakiwa 60. Hata hivyo asilimia 57 ya Florida si watu waliotumwa na shetani.

Atakayesema Marekani ni mbali, Kenya si mbali. Watu wa Ituri wana jamaa na wafanyabiashara Nairobi. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 juu ya katiba mpya ya Kenya, makanisa makubwa yalifanya kampeni ya hapana, na sababu mojawapo ilikuwa kifungu cha 26. Kifungu hicho kinasema uhai unaanza mimba inapotungwa na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, ila pale mganga mwenye ujuzi anapoona dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini. Maaskofu na wachungaji walisema mlango umefunguliwa. Wakenya, watu wa kanisa kama Wakongo, walisikiliza mahubiri, wakaimba, wakatoa sadaka, halafu karibu asilimia 67 wakapiga ndiyo. Walikuwa na sababu nyingi za kuitaka katiba ile, ni kweli. Lakini ile hofu ya kutoa mimba haikutosha kuwarudisha nyuma.

Kinachoonekana ni kwamba mpiga kura akiulizwa swali wazi, anajibu kama mtu anayejua maisha. Anayeogopa swali ni mwanasiasa. Katika kampeni ya uchaguzi wa Desemba 2023 watu waliahidiwa barabara, maji, umeme, amani, na fulana waligawiwa mpaka zikabaki. Kifungu cha 14 hakikupanda jukwaani.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya Wazungu. Hoja hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayopigiwa makofi zaidi. Mkataba uliandikwa na Waafrika na kupitishwa Maputo tarehe 11 Julai 2003 na wakuu wa nchi za Afrika. Sheria ya adhabu ya 1940 ndiyo iliandikwa na Wabelgiji, wakati Mkongo hakuwa na kura hata moja. Na pesa? Tangu mwaka 1973 sheria ya Marekani inakataza pesa zake za msaada zisilipie kutoa mimba kama njia ya kupanga uzazi, na Januari 2025 Trump alirudisha amri inayonyima msaada mashirika ya nje yanayotoa huduma hiyo au hata kuitetea. Kwa hiyo anayefunga mlango ili apendeze Washington leo hapigani na Mzungu. Anafanya kazi yake bure.

Hoja ya kanisa ni nzito zaidi, na isichekwe. Katiba ya sasa, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu na ana haki ya kuishi. Padri anayeamini kwamba uhai wa tumboni ni uhai kamili hawezi kunyamaza, na hakuna anayemtaka anyamaze. Afundishe waumini wake. Amsaidie binti anayetaka kuzaa, amtafutie chakula na nguo za mtoto, na wapo mapadri na masista wanaofanya hivyo kwa moyo. Lakini kutoka mimbarini mpaka gerezani kuna safari ndefu. Binti wa Djugu aliyebakwa na watu wenye bunduki akienda shambani, akafika hospitali mimba ikiwa tayari, hahitaji kwanza padri na polisi wakubaliane. Mkataba haumlazimishi kutoa. Unamzuia hakimu asimfunge akichagua hivyo. Kumwambia binti huyo kwamba taifa litampa miaka mitano gerezani, wakati waliombaka wanapewa vyeo ili waache vita, ni maneno ambayo hakuna mbunge angethubutu kuyasema mbele ya mama yake.

Na kinachopiganiwa si mlango wazi kwa kila mtu. Wanaopinga wanapenda kulichanganya hilo. Mwanamke asiyetaka mimba kwa sababu ya umaskini au shule bado yuko nje ya kifungu cha 14, isipokuwa afya yake iko hatarini. Wanawake hao wapo, na ni wengi: utafiti uliofanywa Kinshasa ulikadiria karibu mimba 146,700 zilizotolewa katika jiji hilo peke yake mwaka 2016, nyingi kwa siri. Kila mtaa unajua nyumba ya kwenda "kutosha mimba" usiku. Mwenye dola analala kwenye kitanda safi na kesho anarudi kazini. Asiye nazo anakunywa mizizi, na akifika hospitali anatokwa damu na kusema ameanguka. Hao katiba ya sasa haiwasaidii. Mpya ikiandikwa ovyo, itawanyang'anya hata wale wachache waliofunguliwa mlango.

Dawa ya jambo hili haihitaji katiba mpya. Bunge linaweza kesho kurekebisha vifungu 165 na 166, likaingiza ndani yake maneno yale yale ya Maputo, ili munganga wa Mahagi asitegemee waraka ambao hajawahi kuuona. Mbunge mmoja anatosha kuleta pendekezo. Na kama kuna siku referandumu itakuja, rasimu isomwe na wamama kifungu kwa kifungu kabla ya nyimbo na vitenge kuanza: je, kifungu cha 215 kimebaki? Je, ile sehemu ya pili ya 220 imebaki? Je, kifungu cha 16 kimeongezwa maneno gani, na nani aliyeomba yaongezwe?

Kikao cha kawaida cha Machi kinafungwa tarehe 15 Juni, kile cha pili kinafunguliwa tarehe 15 Septemba. Kati ya tarehe hizo wabunge wanarudi kwa waliowachagua, wanakaa kwenye viti vya plastiki chini ya miti na kuuliza kama kuna mwenye swali.