Utabiri wa Bahari Ufike Mchangani

Kusi imeingia. Masika imekatika, upepo umegeuka na kushika upande wa kusini mashariki, na kuanzia sasa hadi Septemba hivi ndio utakaoiendesha bahari yetu. Asubuhi utakuwa mwepesi. Ikifika saa tano au saa sita mchana utapanda, na alasiri mawimbi yatakuwa yanavunjika meupe kuanzia ufuko wa Coco hadi Kimbiji. Mvua zitakuwa chache, jua la kiasi, hewa ya kupendeza. Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi, kwa sababu mtu aliyezoea kuipima hatari kwa kutazama mawingu hataiona. Bahari ya kusi huchafuka huku mbingu ni nyeupe.

Wakati huohuo shule zimefungwa. Sabasaba iko mlangoni, na mwezi mmoja mbele yake ipo Nanenane. Siku ambazo watoto wa Dar es Salaam hupelekwa kwa wingi ufukweni ndizo siku ambazo upepo una nguvu zaidi. Ndiyo maana nawaandikia sasa wazazi wenzangu, walimu, vijana mnaokusanyana na kukodi gari kwenda Kigamboni, na ninyi dada na kaka mnaokaanga mihogo na kuchoma mishikaki pale Coco, ambao mnaiona bahari kila siku kuliko sisi tunaofika siku ya sikukuu tu. Nina ombi moja kubwa: utabiri wa bahari ufike mchangani, pale mtoto anapovua viatu.

Utabiri wenyewe upo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutabiri hali ya bahari, na mambo yanapoelekea kuharibika hutoa taarifa ya siku tano mbele kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Msimu huu maneno tutakayoyasikia mara kwa mara ni upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika pwani ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Nahodha akiyasikia hufikiri upya safari yake. Mvuvi wa ngalawa husubiri. Lakini familia iliyopanga kwenda kuogelea Jumamosi huyaacha yapite, kana kwamba yanawahusu wenye vyombo peke yao.

Yanatuhusu. Katika utabiri wa bahari, kimo cha mawimbi kinachotajwa si cha wimbi kubwa kuliko yote. Wataalamu huchukua theluthi ya mawimbi iliyo kubwa zaidi, kisha wakatoa wastani wake. Maana yake ni kwamba bahari ya mita 2 huweza, mara mojamoja, kuinua wimbi la karibu mita 4 huko nje. Likikaribia ufuko huvunjika juu ya mwamba au juu ya fungu la mchanga na kimo chake hupungua, lakini maji liliyoyabeba hayapotei. Husukumwa hadi juu mchangani, na hayana budi kurudi yalikotoka.

Namna yanavyorudi ndiyo inayoua watu. Maji yaliyorundikana ufukweni hutafuta mahali palipo chini zaidi, yaani pengo kati ya fungu na fungu au mlango kwenye mwamba, na hapo hukusanyika na kutoka kwa kasi kuelekea kilindini. Huo ni mkondo. Mtu aliyesimama mchangani huuona hivi: kushoto mawimbi yanavunjika meupe, kulia mawimbi yanavunjika meupe, na katikati kuna ukanda ambao haupigi wimbi, maji yake yametulia, rangi yake imekoza au imechanganyika na mchanga, na povu au mwani unaelea ukienda nje badala ya kuja pwani. Anayeogopa mawimbi atachagua ukanda huo. Mama mwenye mtoto mdogo atamwelekeza mtoto palepale, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ndipo panapoonekana salama.

Mikondo mingi huenda kwa mwendo usiofika mita moja kwa sekunde, ila siku ya mawimbi makubwa inaweza kupita mita 2 kwa sekunde. Waogeleaji wenye kasi kuliko wote duniani humaliza mita 50 kwa sekunde 21 hivi, ambayo ni zaidi kidogo tu ya kasi hiyo. Kwa hiyo kijana mwenye misuli anayejaribu kurudi pwani kwa kupambana na mkondo uso kwa uso anashindana na kitu asichoweza kukishinda. Huchoka, hupumua maji, huzama, mara nyingi akiwa si mbali na wenzake.

Jambo ambalo kila mtoto wa pwani angepaswa kulijua kabla ya kumaliza darasa la tatu ni hili: mkondo hauvuti mtu chini, unampeleka nje tu, na nguvu zake huisha ukishapita pale mawimbi yanapovunjikia. Aliyekamatwa alale chali, aelee, avute pumzi, ainue mkono mmoja na kuita. Akiwa na nguvu ya kuogelea, aogelee kwa ubavu, sambamba na ufuko, mpaka atoke kwenye ukanda ule na kufika kwenye mawimbi meupe. Mawimbi yaleyale yaliyokuwa yanamtisha ndiyo yatakayomsukuma kurudi. Mfundishe mwanao haya nyumbani, mrudierudie, mwambie akusimulie yeye mwenyewe, kabla hamjapanda daladala.

Wala usitegemee kwamba unapajua mahali kwa kuwa uliogelea hapo Januari. Kusi husukuma mchanga kwenda kaskazini, na kaskazi ikirudi huusukuma kwenda kusini. Mafungu huhama, mapengo huhama, na mkondo huhama pamoja nayo. Fuko zinazotazama bahari wazi, kama zile za Kigamboni kuelekea Gezaulole na Kimbiji, hubadilika sana. Kunduchi na Mbezi zimekingwa kiasi na visiwa vya Mbudya na Bongoyo, na kwa familia yenye watoto wadogo ningeshauri zichaguliwe msimu huu. Hata huko, angalia kwanza.

Sasa nije kwenye bamvua, ambayo wazee wetu waliijua kwa kutazama mwezi na sisi wa mjini tumeisahau. Mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Dar es Salaam tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Na saa zake hazibadiliki sana: siku za bamvua maji huwa yamekupwa mnamo saa nne asubuhi na yamejaa mnamo saa kumi alasiri.

Zifikirie saa hizo kwa jicho la familia. Wanafika ufukweni saa nne au saa tano. Wanakuta mchanga mpana, miamba imeachwa wazi, vidimbwi vya maji ya magoti, watoto wanakimbia mbali kutafuta kaa na kombe. Watu wazima wanatandika mkeka na kufungua vyakula. Kati ya saa sita na saa nane mchana maji hupanda kwa kasi yake kubwa, zaidi ya nusu mita kila saa, na wakati huohuo upepo wa kusi nao unapanda. Mtoto aliyekuwa amesimama juu ya mwamba anageuka na kukuta kati yake na mkeka wa mama yake pana maji yanayompita kichwa. Hakuna wimbi la ajabu lililokuja. Bahari imefanya ilichofanya jana, na itakachofanya kesho.

Tena Idd el-Fitr, siku ambayo fuko zetu hujaa watu kuliko karibu siku nyingine zote za mwaka, huangukia mwezi mosi Shawwal. Mwezi umeandama. Ni bamvua kila mwaka, bila kukosa, iwe kusi au kaskazi. Ningependa kila imamu anayetoa hotuba asubuhi hiyo aongeze sentensi mbili za kuwakumbusha wazazi saa ya maji. Idd el-Hajj, kwa kuwa ni siku ya kumi ya mwezi, hukaribiana na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Lakini miaka hii inaangukia mwanzoni mwa kusi, na maji mafu hayazuii mawimbi ya upepo.

Ninachokiomba kifanyike ni kidogo, na gharama yake ni ndogo. Kila ufuko unaotembelewa na watu uwe na ubao mweusi penye njia ya kuingilia. Kila asubuhi mtu mmoja aandike kwa chaki: upepo wa leo, kimo cha mawimbi, saa ya kujaa na saa ya kupwa, na upande ambao mkondo unatoka. Matatu ya kwanza yanapatikana katika utabiri na katika jedwali la maji la bandari. La nne haliko katika jedwali lolote. Analijua mvuvi aliyetoka baharini alfajiri, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kufanywa na ofisi peke yake. Serikali ya mtaa ikae na wavuvi na wafanyabiashara wa ufukweni, wakubaliane nani ataandika siku gani. Palipo na mkondo pachomekwe miti miwili yenye kitambaa chekundu, ihamishwe mkondo unapohama.

Manispaa za Kinondoni na Kigamboni nazo naziomba, kwa heshima, ziweke waokoaji wenye mafunzo katika siku za sikukuu, hata kama haziwezi kuwaweka mwaka mzima. Siku zenyewe zinajulikana tangu Januari.

Na kila kibanda kiwe na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara, na kamba ndefu shingoni mwake. Dumu hilo humwelesha mtu mzima. Anayemfuata mwenzake mkondoni mikono mitupu mara nyingi huwa mtu wa pili wa kuokolewa, au wa kuzikwa, na wengi wanaofanya hivyo ni baba, kaka na marafiki waliosukumwa na upendo. Rusha dumu kwanza. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtu mmoja abaki amemkazia macho aliye majini bila kugeuka, maana kichwa kikishapotea kati ya mawimbi ni vigumu kukipata tena. Haya matairi ya kujaza upepo yanayokodishwa yanachangamsha watoto, lakini mtoto asiyejua kuogelea akiteleza kutoka kwenye tairi atakuwa ameshafika mahali asipoweza kusimama.

Wapo watakaosema watu wetu hawasikii matangazo ya hali ya hewa. Sikubaliani nao. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, Mamlaka ilitangaza tena na tena, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, wavuvi walipandisha vyombo vyao, na watu wengi wa pwani walibaki majumbani mpaka kilipotua Mafia tarehe 4 na kupungua nguvu. Watu walisikia kwa sababu habari iliwafikia mahali walipo, kwa lugha wanayoielewa, ikiwaambia la kufanya. Kusi haina jina kama kimbunga na haitangazwi kwa uzito huo, ila huja kila mwaka na hukaa miezi.

Kujifunza kuogelea kungetuvusha mbali zaidi. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya heshima, chini ya walimu wanawake, na jamii imeupokea. Linalowezekana Nungwi linawezekana hapa kwetu Mjimwema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Kwetu tarehe hiyo huangukia katikati ya kusi. Shule za pwani zingeweza kuitumia kuwatoa watoto hadi ufukweni, si kuogelea, bali kusimama na mwalimu na mvuvi na kuutafuta mkondo kwa macho.

Kwa wiki hii, ndugu msomaji, fanya mawili. Kabla ya kuondoka nyumbani sikiliza utabiri wa bahari, na ukikuta angalizo la mawimbi, watoto wacheze mchangani, wale mihogo, wanywe madafu, maji yasiwapite magoti, na mtu mzima awe kati yao na bahari. La pili, nenda kwa mwenyekiti wako wa mtaa ukamuulize habari ya ubao. Ubao mmoja, rangi nyeusi na paketi ya chaki vinatosha kuanza, na kuna muda wa kuusimamisha kabla ya Sabasaba.