Mtetemo hauchukui nafasi ya mazoezi

Wengi mnaniuliza kuhusu ile mashine ya kusimama juu yake, inayotetemesha mwili mzima: je, inaongeza nguvu za miguu?

Ukisimama juu yake, hutetemeka takriban mara 20 hadi 50 kwa sekunde, na misuli ya mapaja hujikaza bila wewe kuamua. Mzee aliyedhoofika sana anaweza kupata nafuu. Lakini kwa anayefanya tayari mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka na uzito, tafiti hazikubaliani: baadhi zimeona nyongeza ndogo, nyingine hazikuona kitu. Msuli hukuzwa na mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha (na mashine hizi si za bei ya chee), anza na kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Inuka bila kushika, keti polepole, mara 10. Pumzika, rudia. Fanya angalau siku 2 kwa wiki. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu la maji la lita 5.

Mzazi mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, mtetemo hutumika katika baadhi ya kliniki za fiziotherapia, kwa kipimo cha mtoto mwenyewe. Usimpandishe kwenye mashine ya gym.

Na usipande kabla ya kuzungumza na daktari wako ikiwa una mimba, kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, damu iliyoganda mguuni, au mfupa uliovunjika karibuni. Muuzaji huenda asikuulize hayo.